Kigego Aliyefanywa Mfalme: Habari ya Mbega, na Mtu Anayejihukumu Mwenyewe



Neno tunalotaka kulizungumza leo ni zito, ingawa majumbani mwetu hutajwa kwa wepesi mno. Ni neno nuksi. Mama hukasirika akamwambia mwanawe, "Tangu uzaliwe wewe nyumba hii haijaona kheri." Shangazi humwambia mjane, "Wewe mguu wako mzito; mume wa kwanza kafa, wa pili kafa." Asemaye husahau kabla ya magharibi. Lakini aliyeambiwa hulilala neno lile na kuamka nalo, na miaka ikipita hahitaji tena mtu wa kumwambia. Hujiambia mwenyewe. Biashara ikianguka husema, "Ni mimi." Mtoto akiugua husema, "Ni mimi." Wazee walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na hili ndilo kovu walilokuwa wakilisema.

Basi leo, badala ya kukuletea mawaidha matupu, tutakuchukua mlimani tukusimulie habari ya kale, kisha wewe mwenyewe upime.

SAFARI YA SIGI

Ukitoka Tanga ukafika Muheza, ukaiacha barabara kuu na kushika njia ya Amani, utaanza kuiona milima ya Usambara ya mashariki ikikujia mbele. Utapita mashamba ya michungwa na vijiji vya Wabondei na Wasambaa, joto la pwani litapungua kidogo kidogo, na baada ya kiasi cha kilomita 25 utafika Sigi, mlangoni mwa msitu. Hapo pana nyumba ya zamani iliyojengwa wakati wa Wadachi. Ilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni, kwani kati ya mwaka 1904 na 1910 ilijengwa reli ndogo kutoka Tengeni mpaka Sigi, kwa ajili ya kuteremsha magogo ya msituni. Reli yenyewe imekwisha zamani. Nyumba imebaki, na leo ni mahali pa kupokelea wageni wa hifadhi ya msitu wa Amani.

Kama wewe ni mtu wa Tanga, basi hata kama hujakanyaga Sigi, Sigi imekwisha kuingia nyumbani kwako. Mto unaopita hapo ndio ule unaoteremka hata bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, na kutoka humo mji wa Tanga hupata maji yake. Maji uliyotilia udhu asubuhi yalianza safari yake chini ya miti ile.

Shika hilo akilini, tutalirudia. Sasa tuingie katika habari yenyewe.

KITABU NA MWANDISHI WAKE

Karibu na Muheza, chini ya milima hii hii, ni Magila, ambako wamishionari wa Kiingereza walikuwa na mtambo wa kupigia chapa. Mtambo huo ndio uliotoa, kuanzia mwaka 1895, kitabu cha Kiswahili ambacho kila nyumba ya pwani ingefaa kuwa nacho: Habari za Wakilindi. Mwandishi wake hakuwa mmishionari. Alikuwa Mwislamu, Abdallah bin Hemedi, aitwaye al-Ajjemy, aliyeishi na watawala wa Usambara, akawaandikia barua zao, akasikiliza kwa wazee wao habari za nasaba. Mwaka 1962 kitabu kilitolewa upya kwa juhudi ya bwana J. W. T. Allen, na wasomi wa historia ya nchi yetu wanakitegemea hata leo.

Habari ya kwanza katika kitabu hicho ni ya Mbega. Wanahistoria wanakadiria kwamba aliishi katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Ni masimulizi ya wazee, na masimulizi huchanganya yaliyotokea na yaliyopambwa. Lakini watu hawakihifadhi kisa kwa zaidi ya miaka mia mbili ila kwa kuwa kina jambo wanalolihitaji.

MTOTO WA MENO YA JUU

Mbega alizaliwa Ungulu, nchi ya milima iliyo kusini-magharibi ya Usambara. Alipoota meno, yalitangulia ya juu. Mtoto wa namna hiyo huitwa kigego. Neno hilo hata pwani twalijua, wala tusijifanye ni la watu wa bara peke yao. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki kigego alihesabiwa kuwa ni balaa la ukoo: akiachwa akue, jamaa watakufa mmoja mmoja. Kwa hiyo wengi waliuawa wangali wachanga. Mtoto ambaye hajatamka neno, kosa lake ni jino!

Wazazi wa Mbega hawakukubali. Walimlea, wakampenda, naye akakua akawa kijana shujaa, mwindaji wa nguruwe wa mwitu, mwenye mbwa wake na mikuki yake. Maadamu wazazi wapo, maneno ya watu yalibaki ya chini kwa chini. Ndivyo ilivyo, ndugu msomaji: mapenzi ya mama na baba ni kama ukuta, na mtoto huujua unene wa ukuta siku ile uangukapo.

Wazazi walikufa. Kisha akafa na ndugu yake. Mbega alipotaka haki yake katika urithi, jamaa walikaa baraza wakamnyima. Wakamwambia wazi kwamba yeye ni kigego, na kwamba vifo vyote vile ni vyake.

Hebu simama hapa kidogo. Mtu amefiwa mara tatu. Badala ya kuambiwa pole, anaambiwa, "Wewe ndiye uliyewaua." Misiba yake mwenyewe imegeuzwa kuwa ushahidi juu yake. Na ukitazama, utaona kwamba hoja ya namna hii haina pa kujibiwa. Akilia, analia kwa kuwa ana hatia. Asipolia, hana huruma. Akikaa, ataua wengine; akiondoka, amekiri.

Je, Mbega aliwaamini? Kitabu hakituelezi yaliyokuwa moyoni mwake, na sisi hatutamtungia. Kinatueleza alilolifanya tu. Hakupigana kumwaga damu ya jamaa zake, wala hakujidhuru. Aliwaachia urithi, akachukua mbwa wake na silaha zake, akaondoka. Kazi aliyokuwa akiiweza, aliondoka nayo. Hilo ni jambo la kwanza la kulishika: walimnyang'anya mali na jina, lakini hawakuweza kumnyang'anya alilolijua kwa mikono yake.

KIFO CHA KILINDI

Laiti kisa kingekuwa rahisi, kingeishia hapo: mtu mwema kaonewa, kaondoka, kapata neema. Lakini maisha si hivyo, na Abdallah bin Hemedi ni mwandishi mkweli.

Mbega alifika mahali paitwapo Kilindi. Akapokewa vizuri, akawa rafiki wa mtoto wa mkubwa wa nchi ile. Siku moja kijana yule akafuatana naye kuwinda. Nguruwe akatoka, akamjeruhi kijana, akafa. Mbega na wenzake wakaogopa kurudi kwa baba wa marehemu. Wakakimbia usiku.

Sasa mambo yamebadilika. Msiba wa Ungulu haukuwa kazi yake hata chembe. Huu wa Kilindi, yeye alikuwapo. Kijana alikuwa mkononi mwake. Hakumuua, lakini alitoka naye mzima, na hakumrudisha. Juu ya hayo, hakwenda kusimama mbele ya baba akasema, "Mwanao amekufa, na mimi nilikuwa naye." Sauti ile ya jamaa zake ingekuwa na nguvu kiasi gani usiku huo! "Tulikwambia. Popote uendapo watu hufa."

Hapa ndipo tunapotaka utazame kwa makini, kwani wengi wetu tuna Ungulu yetu na Kilindi yetu, na huzichanganya. Kuna mambo tuliyosingiziwa, na kuna mambo ambayo kweli tulikuwa na mkono ndani yake. Mwenye kuihurumia nafsi yake kwa haki huyatenga. La kusingiziwa hulitua chini, kwa kuwa si mzigo wake. La kweli hulibeba kwa kadiri yake, hulitubia, huomba radhi kwa anayeweza kumwomba, hulipa linalolipika. Wala haliongezi likawa kubwa kuliko lilivyo. Kuteleza ni tendo moja. Kusema, "Mimi ni mtu wa kuteleza tu, sina jema," huko ni kujivisha ukigego mwenyewe.

Kilindi pana jambo moja la ajabu. Baadaye, Mbega alipokuwa mkubwa wa Usambara, ukoo wake haukuitwa kwa jina la Ungulu alikofukuzwa, wala la Vuga alikotawala. Uliitwa Wakilindi, kwa jina la mahali pale pale alipofikwa na msiba ule. Mahali ambapo mtu mwingine angeapa asipataje tena mpaka kaburini, yeye na wanawe walipataja kila walipojitambulisha.

NYAMA NA NDIZI

Kutoka Kilindi, Mbega alifika Zirai, kisha Bumbuli, ndani ya Usambara. Wasambaa walikuwa wakulima. Walikuwa na ndizi na nafaka, lakini nguruwe wakiwaharibia mashamba. Mbega akawaua nguruwe wale, na nyama akawagawia watu. Siku hizo Uislamu haujapanda milimani, na nyama ile ilikuwa chakula kwao. Nao wakampa chakula cha mashambani. Alipotaka kuamuliwa watu, aliamua. Habari zake zikafika Vuga, wazee wakamfuata. Njiani simba akatokea usiku, Mbega akamuua, na watu wakampokea kwa jina ambalo watawala wa Vuga waliendelea kuitwa baada yake: Simba Mwene.

Mtu aliyehesabiwa kwao kuwa mwua ukoo, huku akafanywa baba wa nchi. Je, meno yake yalikuwa yamebadilika? Hata. Meno ni yale yale. Kilichobadilika ni watu waliomtazama, na huenda pia namna alivyojitazama mwenyewe. Kama angalifika Bumbuli akiwa anaamini kwamba kila amgusaye atakufa, angaligawaje nyama? Mwenye kujichukia hujificha hata na wema wake. Huogopa kuutoa usije ukawa sumu.

Nasi tungependa hadithi iishe kwa utukufu, lakini lazima tuseme kweli yote. Kizazi cha Mbega kilitawala miaka mingi, na katika zama za Kimweri ye Nyumbai nchi yao ilifika kuanzia mipaka ya Upare hata pwani. Kimweri alipokufa mwaka 1862, Wakilindi wakapigana wao kwa wao. Semboja, mwanawe, akakaa Mazinde kwenye njia ya misafara, akapata bunduki, na watu wakatekwa na kuuzwa utumwani. Mwaka 1868 Wabondei na watu wa milima hii ya mashariki wakawainukia Wakilindi wakawafukuza. Ukoo ulioanza kwa mtu aliyefukuzwa, ulikuja ukawafukuza wengine makwao. Basi tujue: huruma inayokomea kwenye nafsi ya mtu haidumu, hugeuka kiburi. Aliyeponywa asipoponya, ugonjwa humrudia mlango wa nyuma.

Wasambaa wenyewe wana maneno mawili ya kupimia utawala. Husema kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, kuiponya nchi. Kwao nchi huharibika kwa ugomvi wa wakubwa, mvua ikakosekana, njaa ikaingia. Na ikitengenezwa hupona. Hawasemi kamwe kwamba nchi iliyoharibika ni ya kutupwa. Husema yahitaji kuponywa.

WALIYOYASEMA WANAVYUONI

Huenda ukauliza, "Je, kuihurumia nafsi si kuidekeza? Si tumeamrishwa kupigana na nafsi?" Swali lako ni zuri. Kupigana na nafsi ni kuizuia na maovu. Si kuipiga ikiwa imeanguka. Mwenye punda mwema humchapa akikataa njia, lakini akivunjika mguu hatamchapa asimame, atamganga.

Wala huzuni si dalili ya udhaifu wa imani. Wewe wajua kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika mwaka mmoja alifiwa na bibi Khadija na ami yake Abu Talib, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Wajua pia kwamba alimlilia mwanawe mdogo Ibrahim kwa machozi ya wazi mbele za watu. Basi nani aliyekwambia wewe kwamba mwanamume halii, au kwamba mama aliyefiwa ni lazima arudi jikoni siku ya nne kana kwamba hakuna kitu?

Zaidi ya miaka elfu iliyopita, katika mji wa Balkh ulioko Afghanistan, alikuwapo mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi, naye alishangaa kwamba watu huusoma mwili na kuiacha nafsi. Alieleza kwamba huzuni ni namna mbili. Iko yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotelewa na mali; na iko ambayo mwenyewe haijui sababu yake, nayo aliihusisha na hali ya mwili, ikahitaji tiba ya mwili. Akanasihi pia kwamba mtu aweke akiba ya fikra njema wakati wa raha, kama vile mwenye hekima awekavyo dawa ndani kabla ya maradhi, ili siku ya dhiki asianze kutafuta.

Na Imamu Ghazali, ambaye jina lake hukosi kulisikia darsani, naye yalimfika. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkubwa wa Baghdad, wanafunzi mamia wamemzunguka. Ulimi ukafungwa, hawezi kusomesha, chakula hakipiti. Matabibu wakasema ugonjwa umo moyoni. Akaiacha kazi na fahari yake, akasafiri, akakaa faraghani. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla hajarudi kusomesha. Kama angekuwa mtu wa leo tungesema amekwisha. Kumbe hakukwisha: kazi zake kubwa kabisa ni za wakati ule na baada yake.

LA KUFANYA

Basi, ndugu msomaji, mzigo ukikulemea, fanya haya machache.

Kwanza, kaa uyatenge, kama tulivyosema: lipi la Ungulu na lipi la Kilindi. Ukiweza, yaandike. Jambo likikaa kichwani huvimba. Likiandikwa huonekana ukubwa wake.

Pili, sikiliza unavyojisemesha. Ukijikuta unajiambia neno ambalo usingethubutu kumwambia ndugu yako aliyefikwa na jambo lile lile, jua umedhulumu. Nafsi yako ni amana, si mali yako uitukane upendavyo.

Tatu, usiuache mwili. Kula, lala, oga, toka uzungumze na mtu unayemwamini. Shika kazi ndogo unayoiweza, kama Mbega alivyoshika mkuki wake.

Nne, huzuni ikikaa wiki nyingi bila sababu, usingizi ukaruka, au fikra ya kujidhuru ikakujia, usingoje. Mwambie mtu wako wa karibu siku hiyo hiyo, na muende hospitali. Hakuna aibu. Al-Balkhi alikwisha kusema yako maradhi ya nafsi ambayo mlango wake ni mwili.

Na la tano ni kwa sisi wazazi, na ndilo lililonifanya niyaandike haya. Sauti ya ndani ambayo mtu mzima hupigana nayo usiku, aghalabu ilikuwa sauti ya mtu wa nyumbani. Mbega aliambiwa na baraza zima, akaokoka, kwa kuwa kabla ya baraza ile alipata miaka ya kupendwa na wazazi wawili waliokataa kumwita balaa. Akiba hiyo ndiyo aliyosafiri nayo. Wewe unamwekea mwanao akiba gani?

Sasa turudi Sigi. Wakati wa Wadachi, kuanzia miaka ya 1890, msitu wa milima hii ulifyekwa sehemu nyingi ili kulima kahawa. Kwa macho udongo ulionekana wa rutuba. Miti ilipoondoka ikajulikana kuwa haustahimili, na kahawa ikashindwa. Ikaja reli ya magogo. Miaka mingi mlima ulitakiwa kutoa tu. Hata ulipofika mwaka 1997 ndipo sehemu kubwa ya msitu uliobaki ikafanywa hifadhi ya Amani, ikaachwa ijifunike.

Msitu ukiwa na kifuniko chake, mvua ikinyesha hunywewa, ikatolewa taratibu, na mto haukauki kiangazi. Ukifyekwa, mvua ile ile hugeuka mafuriko leo na ukame kesho. Mvua ni moja. Na misiba nayo hatuichagui. Itakunyeshea wewe kama ilivyowanyeshea wengine. Usiufyeke moyo wako kwa ukali wa ulimi wako mwenyewe. Ufunike, uache unywe taratibu, kwani wako watu chini yako, mjini, wanaongoja maji.

Mola atupe upole kwa nafsi zetu na kwa waliomo majumbani mwetu, na awarehemu waliotutangulia. Amin.